Heshima Yenye Uzito: Biblia Inafundisha Nini Hasa Kuhusu Mama

Kati ya Amri Kumi, ile inayowataja baba na mama ni miongoni mwa zile ambazo mtoto hukaririshwa mapema, na huenda hiyo ndiyo sababu wengi wetu tumekua tukidhani kwamba iliandikwa kwa ajili ya watoto. Mtoto akijibu kwa ufidhuli husomewa andiko hilo. Akishakua na kuwa na nyumba yake, andiko humwachia mdogo wake. "Waheshimu baba yako na mama yako, siku zako zipate kuwa nyingi katika nchi upewayo na BWANA, Mungu wako," inasema Kutoka 20:12. Wayahudi na Waprotestanti wengi huihesabu kuwa amri ya tano, Wakatoliki na Walutheri huihesabu kuwa ya nne, lakini tofauti hiyo ni ya kuhesabu tu na haigusi maana yake.

Hata hivyo, ukiisoma orodha yote kwa utulivu utamwona msikilizaji wake alivyo. Ni mtu mwenye watumwa na mifugo ambayo anaagizwa kuipumzisha siku ya Sabato. Anaweza kuzini, anaweza kusimama mbele ya wazee na kumshuhudia jirani yake uongo, anaweza kuitamani nyumba ya mwenzake na ng'ombe wake. Huyo si mtoto wa miaka saba. Huyo ni mtu mzima, na mtu mzima wa namna hiyo wazazi wake wamekwisha kuzeeka. Kwa hiyo, kabla amri hii haijasema lolote juu ya adabu ya mtoto mezani, inasema juu ya hatima ya mama mzee ambaye nguvu zake zimekwisha na ambaye maisha yake sasa yamo mikononi mwa wale aliowabeba. Mithali 23:22 inalitaja jambo hilo waziwazi inapomwonya mwana asimdharau mama yake akiwa mzee. Naamini fundo la kwanza lipo hapo, na lisipofunguliwa, mengine yote hubaki yamekazwa.

Fundo la pili limo katika neno lenyewe, "heshima". Kitenzi cha Kiebrania kilichotumika katika amri hiyo ni kabed, na shina lake ni lile lile linalobeba maana ya kuwa mzito. Musa anapojitetea kwamba kinywa chake ni kizito, anatumia neno la shina hilo. Moyo wa Farao unapokuwa mgumu na kukataa kuwaachilia Waisraeli, mara kadhaa Kiebrania husema kwamba moyo huo ulikuwa mzito. Kuhani Eli anapoanguka kutoka kitini na kuvunjika shingo, tunaambiwa kwamba alikuwa mzee, tena mzito. Utukufu wa Mungu wenyewe, kavod, unatoka katika shina hilo hilo. Kumheshimu mama, kwa hiyo, ni kumpa uzito: kulichukulia neno lake, hitaji lake na uwepo wake kuwa jambo zito katika maamuzi yako. Na kinyume chake kimo sura moja tu baadaye, Kutoka 21:17, pale sheria inapomhukumu amlaaniye baba yake au mama yake kwa kitenzi qalal, ambacho maana yake ya msingi ni kuwa mwepesi. Sisi wenyewe tunaijua lugha hiyo, maana husema kwamba fulani ni mtu mzito na fulani amechukuliwa kwa wepesi. Mtu anaweza basi asimtukane mama yake hata siku moja, akamwamkia kwa unyenyekevu, na bado akawa amemfanya mwepesi kwa sababu hakuna jambo lolote katika maisha yake linalobadilika kwa ajili ya mama huyo.

Inafaa pia kuangalia nafasi ya mama kando ya baba, kwa kuwa ulimwengu ambamo sheria hizo zilitolewa ulikuwa wa wanaume. Katika sheria za Hammurabi, mfalme wa Babeli aliyetawala karne nyingi kabla ya wafalme wa Israeli, kuna kifungu kinachoagiza kwamba mwana akimpiga baba yake akatwe mkono; mama hatajwi hapo. Kutoka 21:15 inawataja wote wawili kwa uzito mmoja. Adhabu iliyoandikwa hapo ni kifo, na ukali huo humsumbua msomaji wa leo, nami sioni haja ya kuuficha. Lakini usawa uliomo ndani yake haupaswi kupita bila kuonekana. Mambo ya Walawi 19:3 inakwenda mbele zaidi na kuubadili mpangilio tuliouzoea: inamtaka kila mtu amche mama yake na baba yake, mama akitangulia, na agizo hilo limewekwa sentensi moja na utunzaji wa Sabato. Hakuna maelezo yanayotolewa kwa nini mama ametangulia, na mimi sitayabuni. Inatosha kuona kwamba kitenzi cha kucha, ambacho mahali pengi kinaelekezwa kwa Mungu, hapa kimeelekezwa kwanza kwa mama.

Tena mama wa Biblia si mlezi wa mwili peke yake. Mithali 1:8 inamwambia kijana ayasikilize mafundisho ya baba yake wala asiiache sheria ya mama yake, na neno lililotafsiriwa "sheria" ni torah, lile lile linaloitaja Sheria ya Musa. Sura ya 31 ya kitabu hicho husomwa mara nyingi kwenye harusi na kwenye mazishi ya akina mama, na kwa kawaida msomaji huanzia mstari wa 10, mahali sifa za mke mwema zinapoanza. Natamani tungekuwa tunaanzia mstari wa kwanza. Sura hiyo inajitambulisha kuwa maneno ya mfalme Lemueli aliyofundishwa na mama yake, na mafundisho yenyewe ni ya utawala: asitoe nguvu zake kwa wanawake wala asijisahau katika mvinyo, asije akapotosha haki ya walioonewa, afumbue kinywa chake kwa ajili ya asiyeweza kujisemea, na awatetee maskini na wahitaji. Mama ndiye anayemfundisha mfalme jinsi ya kuhukumu. Kisha linafuata lile shairi maarufu la beti 22, kila ubeti ukianza na herufi inayofuata ya alfabeti ya Kiebrania, na mwanamke anayesifiwa humo anaitwa eshet chayil, maneno yanayotafsiriwa "mke mwema". Neno hilo la pili hutumika pia kwa askari hodari. Anakagua shamba na kulinunua, anafanya biashara, anaukunjulia maskini mkono wake. Wanawe wanaondoka na kumwita heri, lakini shairi haliishii kwenye kumwita heri. Mstari wake wa mwisho unaamuru apewe mapato ya mikono yake. Sifa bila mapato, kwa mwandishi huyo, haikutosha.

Kuhusu umama wenyewe, Biblia haina sura moja ya kuigwa na kila mwanamke. Ina akina mama wengi, kila mmoja na njia yake, na wachache kati yao wanastahili kuangaliwa kwa karibu.

Hana alikuwa tasa, akichokozwa na mke mwenza mwaka baada ya mwaka walipokwea Shilo kutoa dhabihu. Aliomba huku midomo yake ikitikisika bila sauti, hata kuhani Eli akadhani amelewa. Alipompata Samweli alimnyonyesha mpaka akamwachisha ziwa, kisha akampeleka Shilo, akamwacha huko amtumikie Bwana kama alivyoweka nadhiri. Wahubiri wengi hukomea hapo, kwenye nadhiri iliyotimizwa, lakini mwandishi wa 1 Samweli aliona jambo moja zaidi na akaliandika katika 2:19: kila mwaka mama yake humfanyia kanzu ndogo na kumletea wakati wa dhabihu. Fikiri juu ya kanzu hiyo. Mtoto yuko mbali, mama hana wa kumpima, na kila mwaka inambidi akadirie kwa moyo mabega yamepanuka kiasi gani na mikono imerefuka wapi. Vazi hilo kwa Kiebrania linaitwa meil. Miaka mingi baadaye, katika sura ya 28, Sauli anapotaka kujua ni nani aliyepandishwa kutoka kwa wafu, anaambiwa ni mzee aliyejifunika meil, naye mara moja anatambua kwamba ni Samweli. Sidai kwamba ni vazi alilolishona Hana. Lakini neno ni lile lile, na nabii huyo tunakutana naye mwanzoni na mwishoni akiwa amevaa vazi la jina hilo.

Mwingine ni Rispa, suria wa mfalme Sauli, ambaye hutajwa mara chache sana makanisani. Wanawe wawili waliuawa pamoja na wajukuu watano wa Sauli kwa ajili ya deni la damu ambalo wao hawakulitenda, na miili yao ikaachwa mlimani. Kitabu cha 2 Samweli 21:10 kinasema kwamba Rispa alitwaa nguo ya magunia, akaitandika mwambani, akakaa hapo tangu mwanzo wa mavuno ya shayiri hadi mvua ilipoinyeshea miili hiyo. Mchana aliwafukuza ndege na usiku aliwafukuza wanyama wa mwitu. Biblia haikuandika neno lake hata moja. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na huyu aliuonyesha kwa kukaa tu. Habari zikamfikia mfalme Daudi, naye akaikusanya mifupa ya waliouawa, pamoja na ya Sauli na Yonathani, ikazikwa kwa heshima katika kaburi la Kishi. Na baada ya hayo tu, andiko linasema, Mungu aliombeka kwa ajili ya nchi iliyokuwa na njaa. Mama mmoja asiye na cheo aliulazimisha ufalme mzima kufanya lililo haki.

Wengine ni lazima niwapite kwa haraka: Yokebedi, mama yake Musa, aliyekipaka lami kisafina cha manyasi na baadaye akalipwa mshahara na binti Farao amnyonyeshe mtoto aliyekuwa wake mwenyewe, Hajiri, aliyeketi mbali na mwanawe kadiri ya mtupo wa mshale ili asimwone akifa kwa kiu, na Mungu akamsikia kijana na kumfumbua mama macho, Rebeka, aliyempenda Yakobo kuliko Esau akamfundisha kumdanganya baba yake, na ambaye hatusomi tena kwamba alikutana na mwanawe huyo baada ya kumtorosha. Biblia haiwapambi. Upendeleo wa Rebeka uliigawa nyumba yake, na andiko linaliacha jambo hilo wazi bila kumtetea.

Jambo jingine linalohitaji uangalifu ni utasa, kwa kuwa wanawake wengi wameumizwa na tafsiri mbovu. Sara, Rebeka, Raheli, mke wa Manoa, Hana na Elisabeti wote walikaa bila mtoto kwa muda mrefu, na Luka anachukua tahadhari ya pekee anapomtambulisha huyo wa mwisho: anasema kwanza kwamba yeye na mumewe Zakaria walikuwa wenye haki mbele za Mungu, ndipo anasema kwamba hawakuwa na mtoto. Mpangilio huo wa sentensi unafunga mlango wa kuhesabu utasa kuwa adhabu. Tena Biblia inalitumia jina la mama kwa wanawake ambao hawakumzaa wanayeitwa mama yake. Debora anaitwa mama katika Israeli. Naomi, ambaye wanawe wote wawili walikufa, anampakata mtoto wa mkwewe Ruthu, na majirani wanasema, "Naomi amezaliwa mwana." Paulo, akiwasalimu Warumi, anamtaja mama yake Rufo na kusema kwamba ni mama yake yeye pia, jina la mama huyo halikuandikwa, wala hatuambiwi alimtendea Paulo nini.

Sasa tufike penye utata mkubwa zaidi. Je, kumheshimu mama ni kumtii katika kila jambo? Biblia inayatofautisha mambo hayo mawili. Paulo anawaagiza watoto kuwatii wazazi wao "katika Bwana", na huo ni mpaka. Mfano ulio wazi ni wa Sulemani katika 1 Wafalme 2. Mama yake, Bathsheba, anapoingia, mfalme anaondoka katika kiti chake, anamwinamia, na kuagiza kiti kingine kiwekwe mkono wake wa kuume. Kisha mama analeta ombi kwa niaba ya Adonia, ndugu wa mfalme kwa baba, na Sulemani, ambaye punde tu ameahidi kutomkatalia, analikataa kabisa. Sura hiyo imejaa siasa na damu, na sipendekezi mtu amwige Sulemani katika yote, lakini inathibitisha kwamba kiti cha heshima na ruhusa ya kuamua kila kitu havikuwa kitu kimoja. Mfalme Asa alimwondolea Maaka cheo cha mama wa mfalme kwa sababu ya sanamu ya kuchukiza aliyoifanya, na anasifiwa kwa hilo. Ahazia, kinyume chake, alimfuata mama yake Athalia, na 2 Mambo ya Nyakati 22:3 inasema kwamba mama huyo alikuwa mshauri wake katika kutenda maovu.

Mtu aliyelelewa kwa ukatili, au aliyetupwa na mama yake, huiona amri hii kuwa mzigo usiobebeka, na kumwambia tu kwamba mama ni mama hakumsaidii. Isaya 49:15 inauliza kama mwanamke aweza kumsahau mtoto wake anyonyaye, na sisi wote tungetarajia jibu kwamba haiwezekani. Nabii hajibu hivyo. Anasema, "Naam, hawa waweza kusahau, lakini mimi sitakusahau wewe." Andiko linakiri kwamba jambo hilo hutokea. Linalifananisha pendo la Mungu na la mama, kama Isaya 66:13 inavyofanya, bila kudai kwamba kila mama amelifikia. Kwa mtu wa namna hiyo, kutomlipa mama ubaya kwa ubaya na kutomwacha afe njaa uzeeni kunaweza kuwa ndiyo heshima yote inayowezekana, na sioni mahali Biblia inapomdai ajifanye kwamba hakuumizwa.

Yesu mwenyewe alipoifafanua amri hii hakuzungumza juu ya tabasamu wala salamu. Katika Marko 7 anawakabili Mafarisayo juu ya desturi ya Korbani: mtu alitamka kwamba mali ambayo ingewafaa wazazi wake imekuwa wakfu kwa Mungu, na tangu hapo hakuruhusiwa kuwasaidia kwa mali hiyo. Yesu anaziweka pamoja Kutoka 20:12 na 21:17, kisha anasema kwamba kwa desturi hiyo wanalitangua neno la Mungu. Kwake, sadaka iliyotolewa kwa kumnyima mama haki yake ni uvunjaji wa amri. Msingi wake ulikuwa wa zamani; Mithali 3:9 ilikuwa imekwisha kusema, "Mheshimu BWANA kwa mali yako," kwa kitenzi kile kile cha uzito. Barua ya kwanza kwa Timotheo inaendeleza hilo. Neno la Kigiriki time, linalotafsiriwa heshima, lina maana ya thamani na bei pia. Ndilo lililotumika katika Mathayo 27:6 kwa kima cha damu cha vipande vya fedha vya Yuda. Hivyo 1 Timotheo 5:3 inapoagiza wajane waheshimiwe, maneno yanayofuata ni ya matunzo: watoto na wajukuu wajifunze kuwalipa wazazi wao, na asiyewatunza walio wake ameikana imani, tena ni mbaya kuliko asiyeamini.

Ni Yesu huyo huyo, hata hivyo, aliyesema katika Luka 14:26 kwamba asiyemchukia baba yake na mama yake hawezi kuwa mwanafunzi wake. Neno "kuchukia" hapa linafuata usemi wa Kiebrania wa kulinganisha mapendo. Mwanzo 29 inasema kwamba Yakobo alimpenda Raheli kuliko Lea, na mstari unaofuata unasema Lea alichukiwa; na Mathayo 10:37 inaliweka neno hilo la Yesu kwa njia iliyo wazi zaidi, ikimtaja ampendaye baba au mama kuliko yeye. Hata kwa ufafanuzi huo neno linabaki zito, kwa maana linamwekea hata mama mpaka. Katika Marko 3 mama yake na ndugu zake wanasimama nje wakimwita, naye anawatazama walioketi kumzunguka na kusema kwamba afanyaye mapenzi ya Mungu ndiye ndugu yake, umbu lake na mama yake. Kule Kana, harusini, anamwambia mama yake, "Mama, tuna nini mimi nawe?" Msomaji wa Biblia ya Kiswahili ya tafsiri ya Union anaweza asihisi ugumu wote wa maneno hayo, kwa sababu "Mama" la Kiswahili lina joto lake. Kigiriki kina neno la kumwita mwanamke yeyote kwa adabu, na Yesu analitumia pia kwa mwanamke Msamaria na kwa Mariamu Magdalene. Halikuwa tusi, lakini halikuwa jina ambalo kwa kawaida mwana humwitia mama yake.

Neno hilo hilo linarudi katika Yohana 19. Yesu amesulubiwa, askari wamekwisha kuyagawana mavazi yake, na mama yake amesimama karibu na msalaba. Anamwona yeye pamoja na yule mwanafunzi aliyempenda. "Mama, tazama, mwanao," anamwambia, na kwa mwanafunzi anasema, "Tazama, mama yako." Jamaa mpya aliyoitaja katika Marko 3 na wajibu wa kale wa amri vinakutana hapo, katika pumzi za mwisho za mtu asiye na mali ya kumwachia mama yake. Tangu saa ile mwanafunzi yule akamchukua nyumbani kwake. Na mara ya mwisho Mariamu, mama huyo wa Yesu, anapotajwa kwa jina katika masimulizi ya Agano Jipya, Matendo 1:14, yumo katika orofa Yerusalemu pamoja na mitume, wanawake wengine na ndugu zake Yesu, wakidumu katika kusali.